Vipande Vyeupe

Kazini wananiita Mkasi, na si kwa sababu nakata vitambaa tu. Wanasema ulimi wangu nao hukata, na sijawahi kukataa. Miaka kumi na tisa nimesimama mbele ya meza ileile ya kukatia kwenye karakana ya sare za shule, futi shingoni, chaki sikioni, na hakuna kipande kinachotoka mezani pangu bila mimi kujua kimekwenda wapi. Kwa hiyo vipande vyeupe vilipoanza kupotea, nilijua siku ileile.

Wala si vipande vya maana. Ni masalio ya kola na mikono ya mashati, popelini nyeupe upana wa kiganja, ambayo huwa nayatupia kwenye kapu chini ya meza, na mwisho wa wiki wapiga pasi huyachukua kufutia mashine. Lakini mwizi ni mwizi hata akiiba sindano. Nikaanza kulinda kapu kama mtu anayelinda kuku. Siku ya tatu nikamwona: wifi yangu, mke wa kaka yangu wa pekee, anayetoboa matundu ya vifungo meza ya karibu na dirisha. Alipita kana kwamba anakwenda chooni, akainama kama aliyeangusha kitu, akachukua viwili, akavikunja, akavitia kifuani. Alipotoka chooni alikaa akaendelea na kazi, uso umemshuka.

Nikajisemea, kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

Angekuwa mtu mwingine ningemwumbua palepale, mbele ya cherehani zote ishirini. Lakini huyu mimi ndiye niliyemleta karakana. Mimi ndiye niliyemdhamini, nikamwambia msimamizi mkono wake ni msafi, nikajiapiza. Nyumba zetu zinatazamana, ua mmoja, kamba moja ya kuanikia nguo. Wanawe watatu wananiita shangazi, na yule wa mwisho hulala kwangu kuliko kwao. Nikameza. Kumeza si kazi yangu, lakini nilimeza.

Kilichoniondolea raha hasa ni kwamba mwezi uleule jora mbili nzima za popelini hiyohiyo zilikuwa hazionekani stoo. Msimamizi wetu, ambaye tunamwita Bwana Samahani kwa sababu hawezi hata kupiga chafya bila kuomba radhi, alizunguka meza hadi meza akiuliza. Samahani jamani, kuna aliyeona jora? Hakuna aliyeona. Mimi nikawaza mbali. Nimeishi vya kutosha kujua kwamba mwenye jora hashikwi, anayeshikwa ni mwenye kipande, na akishikwa anabebeshwa na jora.

Sasa sikiliza lilivyoanza. Jumanne moja ya mwezi wa tatu jino liliniamkia na shavu likavimba, nikaenda kung'olewa, nikakaa nyumbani siku mbili. Jumatano mchana nikapitia karakana kufuata mkasi wangu. Ule mkasi siuachi na watu. Hata marehemu mume wangu hakuruhusiwa kukatia nao karatasi. Ilikuwa saa ya chakula, hapakuwa na mtu. Karibu na swichi ya taa nikaona karatasi imebandikwa, mwandiko wa Bwana Samahani ule wa kulala kama nyasi zilizokanyagwa:

UCHUNGUZI WA AWALI. Alhamisi, saa tatu asubuhi, chumba cha stoo. Wahusika wafuatao wafike bila kukosa.

Chini yake majina kumi na tisa, yote ya wanawake. La kwanza kabisa la wifi yangu. Langu halikuwepo.

Uchunguzi, tena wa awali, tena stoo, mahali palepale jora zilipopotelea. Na mimi kwa nini nisiwemo? Nikajijibu mwenyewe, maana hakuna anayejibu maswali yangu haraka kama mimi: siku walipopanga hawakunitaka nijue, wanajua nitamkinga ndugu yangu. Nikiwa bado nimesimama pale na shavu langu, nikasikia sauti nyuma ya ukuta wa mbao. Bwana Samahani alikuwa kwenye simu.

"Ndiyo, ndiyo. Heri kugundua mapema kabla haijaenea," alisema. "Mmoja mmoja, na mlango ufungwe. Samahani, ni lazima wavue blauzi? Sawa. Nitawaambia."

Wavue blauzi! Nilitaka kuupiga teke ukuta ule. Watu wazima, mama za watu, wavuliwe nguo stoo kwa ajili ya popelini? Nikauchukua mkasi wangu nikaondoka, nikipanga maneno ya kumchana nayo yule bwana, kisha nikakumbuka vipande viwili vilivyokunjwa kifuani mwa wifi yangu, na maneno yote yakanikauka. Wakimvua yeye watakuta.

Jioni, jua likiwa bado lipo, nilimkuta uani anafua. Watoto walikuwa wametumwa dukani. Nikaketi kwenye kizingiti changu, kitambaa shavuni, nikamwambia bila kumtazama.

"Nimekuona."

Akaacha kukamua shati. "Umeona nini?"

"Unachokificha kifuani."

Hakukana. Ndicho kilichoniuma zaidi, hakujaribu hata kukana. Alikaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa, mikono imejaa povu, akatazama chini. Nikamuuliza tangu lini, akasema tangu mwezi wa pili. Nikamuuliza kama kaka anajua. Akasema hajui, akaniomba sana nisimwambie.

"Kesho wakikuchunguza watakuta," nikasema.

"Najua. Ndiyo maana nataka niende tu, wifi. Yaishe."

Nikamwona mjinga, anataka kujipeleka mwenyewe. "Ukienda ndiyo yataanza. Kazi imekwenda, jina limekwenda, na watoto hawa je?"

"Na nisipokwenda?"

"Asiyechunguzwa hajulikani. Kaa kimya. Yatapita yenyewe."

Akaniinulia macho. Nayakumbuka macho yale mpaka leo, yalikuwa ya mtoto aliyeambiwa hatachapwa. "Hupita yenyewe?"

"Hupita," nikamwambia. "Nimeona wengi kama wewe."

Akaja akanishika mkono kwa mikono yake yenye povu, akasema asante, wifi. Mimi nikajiona mtu wa maana sana. Nimeokoa nyumba ya kaka yangu, nikafikiri, na jino limeng'olewa jana tu.

Alhamisi niliwahi kazini kabla ya jogoo wa mtu. Nikamwambia Bwana Samahani nakwenda kupima wanafunzi wa ile shule mpya, na ninamtaka wifi yangu aniandikie vipimo. Akajikuna shingo. Samahani, Mkasi, akasema, lakini leo kuna lile jambo. Nikamkazia macho nikamuuliza jambo gani. Alitazama karatasi ukutani, akatazama viatu vyake, akatazama wapiga pasi, wanaume watatu waliokuwa wanawasha mashine zao. Masikio yakamwiva.

"Samahani," akasema. "Basi. Watakuja tena siku nyingine."

Angelitaja lile neno, hadithi hii isingekuwepo. Lakini na mimi ningemuuliza kama mtu, si kama polisi, angelitaja. Nagawa lawama sawasawa, ingawa usiku mwingine huwa naongeza upande wangu.

Tulipima watoto mpaka saa tisa. Wifi aliandika bila kosa, akacheka hata na mwalimu. Ijumaa niliporudi mezani nikakuta karakana imechangamka. Fundi wa vifungo, tunayemwita Redio kwa sababu hazimi, alikuwa anamwambia mwenziwe kwamba alitetemeka bure, wamemwambia yuko safi. Mwingine naye yuko safi. Nikasema moyoni, mnajisifu hamjaiba, makubwa. Mama mmoja wa overloki, ile mashine ya kuzuia nyuzi zisifumuke, hakuonekana wiki nzima. Nikasikia wamempeleka mbele kwa uchunguzi zaidi; nikamtazama wifi na kumshukuru Mungu. Kisha mama wa overloki akarudi anacheka, akasema imekwisha, ilikuwa maji tu. Nikajua kesi imemwagwa. Hongo hiyo, nikasema, na nikaona nilivyo na akili.

Msiniulize kwa nini sikuuliza mtu. Redio nilikuwa sisemi naye tangu tugombanie stuli. Wengine, kila wakianza habari ya ule uchunguzi, niliwakatia palepale: hapa ni kazini, hapa si kibarazani. Niliogopa wakiendelea kuzungumza watamkumbuka ambaye hakuwepo. Mwisho wakaacha kulitaja nikiwa karibu. Wakadhani sitaki maneno ya kifuani mbele ya wanaume, kumbe mimi nilikuwa nalinda mwizi.

Tena nikafanya zaidi. Nikafikiri, kilichotolewa hakijaibiwa. Badala ya kumwacha ainame kapuni kama panya, nikaanza kumwekea mimi. Nilikuwa nachagua masalio makubwa kidogo, laini, yasiyo na chaki, nayakunja manne, nayaweka juu ya kapu upande wake. Siku ya kwanza alipoyaona alinitazama macho yamejaa machozi. Nikatazama pembeni. Aibu ya mwizi, nikasema, nzuri, imwingie. Nilidhani anashona nepi za kuuza, au vitambaa vya mikono. Mwanzoni alikuwa anachukua viwili kwa siku. Kufika mwezi wa sita alikuwa anachukua sita.

Na mengine niliyaona, macho yangu si ya kuazima. Niliona amepungua. Niliona mtoto wa mwisho akimrukia anamzuia kwa kiwiko, kila mara upande wa kushoto. Aliniletea blauzi nimwachie nafasi kwapani, nikaachia. Kila nilichokiona nilikitafutia mkosaji, na mkosaji nikampata: kaka yangu. Nikamwita kando nikamuuliza kama ana mwanamke nje. Maskini alishangaa hata akasahau kukasirika. Akasema mkewe siku hizi analala amevaa, akimgusa anageuka ukutani, na yeye alikuwa anataka kuniuliza mimi kama kuna mwanamume. Tukaachana mimi namshuku yeye, yeye anamshuku mkewe.

Ikafika mwezi wa saba. Bwana Samahani akaenda likizo, kazi za ofisi akazishika karani, msichana asiyeona haya kutaja kitu kwa jina lake. Jumatatu asubuhi nikaingia, nikaenda kuwasha taa, na karibu na swichi nikaona karatasi mpya, kalamu nyekundu, herufi kubwa kama za duka:

UCHUNGUZI WA MATITI, AWAMU YA PILI. Nesi yuleyule aliyekuja mwezi wa tatu. Kesho saa tatu, chumba cha stoo, mlango utafungwa. Bure. Kina mama wote, na hasa ambao hawakufika mara ya kwanza.

Nikasoma. Nikasoma tena nimeweka kidole chini ya kila neno, kama mtoto wa darasa la kwanza. Nesi yuleyule. Mara ya kwanza.

Redio alikuwa anatandaza vifungo vyake. Nilimwendea, miezi sita ya kununiana nikaivuka kwa hatua tatu, nikamuuliza ule uchunguzi wa mwezi wa tatu ulikuwa wa nini. Akanicheka. Wewe nawe, akasema, ulikuwa wa nini tena, si walitutangazia siku ile wewe una jino? Kwamba tujue uvimbe ukiwa mdogo, unatibika. Yule mzee aliona haya kuandika matiti mbele ya wapiga pasi. Akaniona uso wangu, akaacha kucheka. Akasema mama wa overloki walimkuta na kifuko cha maji, wakakitoboa kwa sindano, kikaisha. Nikasema ahsante. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alinisikia nikisema ahsante.

Jora? Redio akasema zile zilirudishwa zilikotoka kwa sababu zilikuwa na madoa, tangu mwezi wa pili, kabla mzee hajaambiwa. Hakuna aliyewahi kuiba kitu katika karakana ile.

Miguu ilinipeleka kwa wifi yangu. Nilimshika mkono, nikamwingiza stoo, nikafunga mlango. Nilikuwa nimeshajua. Lakini mtu hujua na bado akaomba awe amekosea.

"Vile vipande," nikamwambia. "Unavifanyia nini?"

Akanitazama kama aliyesikia mzaha usio na wakati wake.

"Si unajua?"

"Niambie."

"Wifi, si ulisema umeniona? Si unaniwekea mwenyewe, kila siku?"

Akafungua vifungo vya blauzi, polepole, huku ananitazama. Ndani ya sidiria, upande wa kushoto, ilikuwa popelini yangu, niliyoikata kwa mkono wangu na kuikunja manne, ina doa la damu iliyochujuka katikati. Akaiondoa. Ngozi ya titi lake ilikuwa imevutwa ndani mahali pamoja, kama kitambaa kinavyojikunja uzi ukikazwa mno. Akanishika vidole akaviweka. Palikuwa pagumu, hapasogei.

Akaniambia yote, kwa sauti ya chini, kama mtu anayemkumbusha mwenziwe jambo wanalolijua wote. Mwezi wa pili lilikuwa kama punje ya mahindi, haliumi, na matone tu kwenye chuchu. Alipotangaziwa kwamba nesi anakuja, alijiandikisha wa kwanza kabla hofu haijamshika. Kuniambia mimi aliona vigumu, neno halikutoka. Ndipo jioni ile uani nikamwambia nimeona.

"Nikajua umegundua," akasema. "Nikasema, wifi ana akili kuliko mimi. Kama yeye anaona heri nisijulikane, basi ameona mbali. Uliposema hupita yenyewe, wifi, usiku ule nililala."

Nikamwambia nilidhani anaiba vitambaa. Nililisema hivyohivyo, lilivyo. Kisha akacheka, kicheko kifupi kikavu, akaanza kufunga vifungo, na kwenye kifungo cha tatu mikono ikamshinda, nikamfungia mimi. Nililia pale stoo mpaka karani akabisha hodi.

Hatukungoja kesho ya nesi. Tulikwenda kliniki asubuhi ileile, na aprini zetu. Nesi wa hapo alimpapasa, akaandika karatasi ya hospitali kubwa na kupigia mstari neno haraka. Wakampiga picha, wakamtoa kinyama kidogo kwa sindano, tukangoja siku kumi na mbili. Kaka alipoambiwa alikaa kwenye ile ndoo ya uani, akasema tu, nami nilidhani ni mwanamume.

Siku ya majibu tuliingia wawili. Daktari alikuwa mwanamke kijana, anayesema taratibu. Akasema ni saratani, na imeshafika kwenye tezi za kwapani. Akasema kuna dawa za kuanzia, kisha upasuaji, kisha dawa tena, safari ndefu, na kwamba wapo wanaofika mwisho wake. Hakusema tumechelewa. Alisema tu kwamba punje ya mahindi ni jambo jingine na hili ni jambo jingine. Kisha akavuta fomu, akaanza kuuliza. Dalili zilianza lini? Mwezi wa pili. Nesi wetu alifika kwenu mwezi wa tatu, akasema daktari akitazama faili. Jina lako liko hapa, la kwanza, lakini hukuingia. Kwa nini?

Wifi yangu alitazama mikono yake.

"Nilikuwa na kazi nyingi," akasema.

Kalamu ikaanza kuandika. Ka, zi. Mimi ambaye nilimwekea vipande kapuni ili asishikwe, sasa yeye ananifunika mimi, kwa kitambaa kilekile.

"Futa hapo, daktari," nikasema.

"Wifi, acha."

"Futa. Hakuwa na kazi. Nilimkataza mimi."

Daktari akainua kichwa, akaniuliza mimi ni nani. Nikamwambia mimi ndiye mwizi. Akauliza, bila kukasirika, nimeiba nini.

"Miezi minne," nikasema.

Wifi alinyoosha mkono akanishika, uleule ulionishika ukiwa na povu. Daktari hakufuta kitu wala hakuandika. Alivuta fomu nyingine, tupu, akaniuliza nina miaka mingapi, na kama mimi mwenyewe nimewahi kuchunguzwa.

Sijawahi, nikamwambia, nikaanza kufungua vifungo.